Nukta ya Saa Nne

Josefina, na ninyi wengine mliobaki kituoni: ufunguo wa kabati la dawa hauzunguki mpaka uuvute kidogo kwanza, kana kwamba umebadili nia na unataka kuutoa. Siku ya kuagana nilisahau kuwaambia, kwa sababu ya hotuba. Nadhani kuna mtu amekwisha kuvunjika kucha.

Jambo la pili mliloniuliza siku ile ni gumu kuliko kabati. Mliniuliza: unajuaje kwamba mama huyu azalie hapa kwetu, na yule apandishwe pikipiki apelekwe hospitali? Nilicheka, nikasema mtajua mkizeeka. Lilikuwa jibu baya, na nililitoa kwa sababu watu walikuwa wanangoja chakula. Sasa niko nyumbani Kasongo, nachagua mawe kwenye mchele, na swali lenu limekaa nami jikoni. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, nasimama kabla sijajua kwamba nimesimama. Mkononi mwangu mna mchele, lakini vidole vimekwisha kujiandaa kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo naandika. Wengine mmesikia nusu ya habari hii, na nusu mliyoisikia ndiyo inayonipendelea.

Nilifika kituoni, upande wa Kabambare, mbele kidogo ya Lusangi, nikiwa na sanduku lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, diploma ya uuguzi ndani ya mfuko wa nailoni, na saa mpya ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Saa ile niliivaa juu ya mkono wa sweta ili ionekane. Materniti, chumba cha kuzalishia, ilikuwa na vitanda vitatu na dirisha moja. Mlangoni alisimama mwanamke mnene, kitambaa cheupe kichwani, ameshika kikapu cha glavu zilizooshwa na kuanikwa. Alinitazama kuanzia viatu mpaka saa.

"Karibu, mutoto wangu. Umekuja kuzalisha ao kuuza saa?"

Huyo alikuwa Mama Salima, mkunga wa kituo, mtu wa familia za Waislamu wa Kasongo mjini, aliyeolewa na mfanyabiashara wa huku akabaki. Mimi nilikuwa mtoto wa wakulima, nimebatizwa Anjela. Kila mama aliyelala kitandani alipata bismillahi ya Salima na ishara ya msalaba yangu, na hakuna aliyelalamika kwamba amezidishiwa.

Salima hakusoma sana. Alisikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe ya mti, sikio moja juu yake, na huku akipiga soga na mama kuhusu wifi zake. Nilidhani hasikilizi. Nilihesabu kwa saa yangu, midomo ikicheza, na nilipomaliza yeye alikuwa amekwisha kunyanyuka. "Tazama vidole vya miguu," aliniambia. "Uso wa mwanamuke unajua kudanganya. Vidole vya miguu havijafundishwa." Nilivitazama vidole vya miguu mwaka mzima. Niliona vumbi.

Siku moja akaja mwanamke kwa miguu yake mwenyewe, anacheka, amebeba ndizi tele. Uchungu ulikuwa mdogo. Salima alimwangalia akipanda vile vipandio viwili vya mlangoni, akasema, "Huyu aende hospitali."

"Kwa nini, Mama?"

"Sijui. Aende."

Alibebwa kwa tipoyi, kile kiti cha mianzi, wanaume wanne wakipokezana mabega, kwa sababu pikipiki ya kijiji ilikuwa imevunjika. Kule wakakuta mapacha, na wa kwanza amelala kwa upana kama kuni iliyokwama mlangoni mwa jiko. Walipona wote watatu. Nilimsumbua Salima siku nyingi: ulijuaje? Alikasirika, akasema mimi ni kama polisi. Kisha, wiki nyingine kabisa, tukiwa tunafua mashuka, akaacha kusugua. "Alipopanda," akasema, "alishika tumbo huku na huku, mukono wa kuume na wa kushoto. Mwanamuke analishika kwa chini. Njo ile niliona." Alishangaa yeye mwenyewe. Jicho lake lilikuwa limeona, likaamua, likatuma tipoyi, na yeye akaja kupata habari wakati wa kufua.

Tangu siku hiyo nikaanza kungoja sauti ya namna ile ije kwangu. Ikaja, ikanidanganya.

Furaha alikuwa mke wa katekista. Alilala kitandani asubuhi, uchungu unakwenda vizuri, na mimi kifua kikanibana bila sababu. Salima alikuwa amekwenda msibani. Nikajiambia, hii ndiyo, leo nimekuwa mkunga. Nikaandika transferi, barua ya kumpeleka hospitali, nikampakia Furaha kwenye pikipiki, nikakaa nyuma yake kumshika. Hatukufika mbali. Kwenye daraja la magogo, pale ambapo magogo mawili yalikuwa yamekwisha kuliwa na maji, Furaha alimwambia dereva asimame, na dereva hakuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini. Mtoto alizaliwa juu ya magogo, mzima, mwenye sauti, wanawake waliokuwa wakilowesha mihogo chini wakipiga vigelegele. Mama yake alimpa jina la Daraja. Leo ni kijana mrefu, na kwa miaka kumi na zaidi kila alipopita sokoni kulikuwa na mtu wa kuniambia, "Mama Anjela, angalia, transferi yako inapita!"

Mnacheka. Nilicheka pia, ilinibidi. Lakini kuchekwa kulinifanya nini, hilo halionekani haraka. Kulinifanya nione aibu ya kifua changu. Kila kilipobana nilikiambia: nyamaza, wewe ndiwe uliyenipeleka darajani.

Kwa hiyo partogramu ilipokuja niliipokea kama mtu aliyekuwa akizama. Kwa ajili ya wale wasiozalisha watakaosoma haya, ni karatasi ya miraba. Chini zimeandikwa saa, pembeni sentimita. Kila unapompima mama na kuona njia ya mtoto imefunguka kiasi gani, unaweka nukta. Mistari miwili imekwisha kuchorwa humo, imelala kwa mshazari: wa kwanza ni wa tahadhari, wa pili ni wa hatua. Nukta zikitembea juu ya mstari wa kwanza au kushoto kwake, ngoja. Zikiuvuka, tafuta pikipiki. Zikifika wa pili, ulipaswa uwe umekwisha kuondoka. Hakuna kifua humo, hakuna vidole vya miguu. Msimamizi aliyekuja kutufundisha kutoka ofisi ya zoni ya afya alisema jambo lililonifurahisha sana: karatasi haiogopi. Salima, aliyekuwa karibu kustaafu, alimwuliza kama karatasi inazaa.

Niliipenda karatasi ile. Nilinunua rula. Na hapa ndipo mnapaswa kusoma polepole, kwa sababu ninachosema sasa hakimo katika hotuba yoyote ya kuagana.

Tulikuwa tunaijaza baadaye. Siyo siku zote, lakini mara nyingi. Akina mama wawili wakija pamoja, au mmoja akizaa haraka, mikono inafanya kazi na karatasi inangoja mezani. Mtoto akishalia na kondo la nyuma likishatoka, unakaa, unakunywa chai, unaweka nukta: hapa nne, hapa sita, hapa nane, kumi. Mstari mzuri, ulionyooka, kwa kuwa mwisho wake unaujua. Msimamizi alikuja kila baada ya miezi mitatu, akazipekua, akasifu. Vituo vyote vya njia ile vilifanya hivyo, na vyote vilisifiwa. Sikuona kuwa ni uongo. Mtoto alikuwa mzima, mama alikuwa anakula uji. Karatasi ilikuwa picha ya jambo lililokwisha kwenda vizuri. Nilichora mamia ya mistari namna hiyo. Mkono wangu ukajifunza umbo lake, jinsi mguu unavyojifunza njia ya kisimani.

Sasa Bahati.

Bahati alikuwa mtoto wa mwisho wa Mama Salima, mimba yake ya kwanza. Alikuwa na mdomo wa kuuza sokoni. Alikuja saa mbili asubuhi kwa miguu, mama yake, aliyekwisha kustaafu, nyuma na beseni kichwani.

"Mama Anjela, unizalishe mbio mbio," alisema tangu mlangoni. "Huyu mama yangu alianza kunisomea dua kule nyumbani. Nikikawia atanizika muzima."

"Funga kinywa," Salima akasema. "Pumzi yote inatokea huko juu, huku chini utasukuma na nini?"

Nilimpima. Sentimita nne. Moyo wa mtoto ulikuwa mzuri, nilihesabu kwa saa, dakika nzima. Niliweka nukta kwenye mstari, mahali pake. Kwetu tulipima kila baada ya saa mbili, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali na barabara haina huruma. Salima akaketi kwenye benchi la nje, tasbihi mkononi.

Nilikuwa peke yangu. Wewe, Josefina, ulikuwa umetufikia miezi miwili tu kabla ya hapo, na tangu jana yake ulikuwa Kabambare kuchukua chanjo. Saa tatu na nusu hivi wanaume wanne wakaleta mchimbaji kutoka mashimo ya upande wa Lusangi, jiwe limemponda mguu. Sitawaeleza mguu ule. Nilipiga magoti mbele yake muda mrefu. Niliponyanyuka kwenda kuchukua bandeji, nilipita mlangoni mwa materniti, glavu zimelowa damu.

"Bahati, iko namna gani?"

"Iko vile vile, Mama. Mutoto anasikiliza redio, habari zikiisha atatoka."

Nilicheka. Nilitazama saa: ilikuwa saa nne na dakika chache. Karatasi ilikuwa kwenye meza ndogo kando ya mlango. Nilivua glavu moja, nikachukua kalamu mfukoni, nikaweka nukta kwenye sita. Juu ya mstari kabisa. Nilijiambia nitapima nikimaliza mguu. Kalamu haikutetemeka. Kama kungekuwa na mtu wa kuniuliza wakati ule, ningesema nimefanya kazi yangu.

Saa sita nilimpima kweli. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimevimba kwa mbele, laini, kinachanganya vidole. Nilihisi saba. Labda nane. Niliitazama karatasi: nne, sita. Nikaandika nane.

Nilipotoka nje Salima alisimama. Sikuwahi kumwona amesimama haraka namna ile.

"Anjela. Umutume."

"Mama, inakwenda vizuri."

"Umutume hospitali."

Nilimletea karatasi pale benchini, nikamwonyesha. Nne, sita, nane, kama ngazi. "Mtoto atatoka kabla ya saa tisa. Tazama mwenyewe."

"Miye siangalie karatasi. Naangalia mutoto wangu."

"Kwa Mariamu ulisema hivi hivi. Na kwa Asha."

Ilikuwa kweli. Wale ni binti zake wakubwa. Kwa wote wawili Salima, mkunga wa wakunga, alilia akitaka wapelekwe, na wote wawili walizaa kitandani mwetu siku ile ile bila tatizo. Alikaa. Akazungusha tasbihi. Sijawahi kushinda mabishano waziwazi namna ile: nilikuwa na karatasi, nilikuwa na ushahidi wa mara mbili, na nilikuwa nimetulia. Yeye alikuwa na hofu ya mama. Ningekuwa mwalimu, ningejipa alama zote.

Nikarudi ndani nikaosha beseni. Nikamwangalia mchimbaji. Nikarudi nikaosha beseni. Nilipojikuta nainama kulichukua beseni lile lile mara ya tatu, safi, kavu, nilisimama nalo mkononi.

"Bahati," nikasema, "mtoto anasikiliza wimbo gani sasa?"

Alikuwa ameugeukia ukuta. Bahati, ambaye angemjibu mbuzi.

Niliketi kwenye stuli. Kifua kilikuwa kimebana, na mimi nilikuwa nakijua kifua kile, ndicho cha darajani. Nilijaribu kukihoji. Unaogopa nini? Unamwogopa Salima aliye nje? Unaogopa wakucheke tena sokoni, mtoto wa pili aitwe Pikipiki? Au umeona kitu? Kifua hakina maneno, kina uzito tu, na uzito wa sababu ya kweli na uzito wa upuuzi ni sawasawa. Nikaona kwamba siwezi kukitii, na siwezi tena kukinyamazisha.

Basi nikaihoji karatasi. Nilianza na nukta ya kwanza: nani amekuweka? Vidole vyangu, saa mbili. Ya tatu: vidole vyangu, saa sita, lakini vilipotaka kusema saba niliviambia nane. Kwa nini nane? Kwa sababu ya ile ya pili. Na ya pili, nani amekuweka wewe?

Nyuma ya ile nukta hapakuwa na kidole. Palikuwa na mkono uliozoea kuchora mistari mizuri. Tangu saa nne nilikuwa nadhani ninasoma karatasi isiyoogopa, kumbe nasoma tamaa yangu mwenyewe, iliyonyooshwa kwa rula. Nilimshinda Salima kwa kitu nilichokibuni nikiwa na glavu moja.

Ilikuwa saa saba. Nje pikipiki ikazima. Ulikuwa wewe, Josefina, na Asumani, yule dereva mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, na sanduku la chanjo katikati yenu.

"Nawa mikono uje kumpima Bahati," nilikuambia. "Usiangalie karatasi."

"Mama, salamu kwanza."

"Salamu baadaye."

Karatasi niliikalia. Hilo hukuliona. Ulipima, uso wako ukawa kama wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Tano," ukasema. Kisha ukaniangalia. "Labda nimekosea, Mama. Kwani ni ngapi?"

Ulikuwa unaniomba namba. Ningesema nane, ungesema ndiyo, nane. Nilikuona kinywa kikijiandaa kuisema. Sikukupa. Nilinawa, nikapima tena nimefumba macho, nikiwa sitaki kupata chochote. Tano. Nikasikiliza kwa pembe: baada ya kila uchungu moyo wa mtoto ulishuka, ukakawia huko chini, ukarudi umechoka.

Nne saa mbili, tano saa saba. Ukiziweka nukta hizo mbili tu, mstari wa tahadhari ulikuwa umevukwa zamani, na tulikuwa tumesimama juu ya wa pili.

Mliondoka Asumani mbele, Bahati katikati amefungwa kwa kitenge, wewe nyuma. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Salima alitaka kupanda, hapakuwa na mahali. Alishika kiti cha pikipiki mpaka Asumani akasema kwa upole, "Mama, achilia, tunachelewa." Neno lile, tunachelewa, lilinipata mimi.

Mimi nilibaki kwa sababu ya mchimbaji. Tukakaa, Salima na mimi, kwenye benchi lile lile. Mvua ikaja, tukaisikiliza kama watu wanaohesabu: sasa wako kwenye mteremko, sasa udongo mwekundu umekuwa sabuni, sasa magogo. Hapakuwa na mtandao wa simu. Nilingoja aseme nilikuambia, na akasema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia, Mama."

Akasukuma punje mbili za tasbihi. "Lakini na kwa Mariamu nilikuambia. Na kwa Asha. Mutoto wa miye akilala pale, sioni kitu. Macho yangu yote inajaa maji." Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Leo sijui kama niliona ao niliogopa. Usinifanye mutu wa kujua."

Ningependa angejua. Ningependa leo niwaambie: sikilizeni wazee, mioyo yao haikosei. Lakini yeye mwenyewe, mwenye haki ya kusema hivyo kuliko mtu yeyote, hakusema.

Mlirudi kesho yake alasiri, wewe na Asumani, matope mpaka kiunoni. Nilikusoma kabla hujashuka. Bahati alikuwa amepasuliwa, yu hai, atapona. Mtoto alikuwa msichana. Alitoka amechoka sana, akalia mara moja, akaishi mpaka saa sita mchana.

Salima alikwenda nyuma ya jengo, kwenye kamba ya mashuka.

Ulikaa nami mezani jioni ile kabla jua halijazama, na karatasi ilikuwa kati yetu. Msimamizi alikuwa anakuja wiki hiyo hiyo. Ulisema kwa sauti ndogo, na najua ulikuwa unanionea huruma: "Mama, nichukue karatasi mpya? Tuandike vizuri." Neno hilo, vizuri, tulilitumia wote. Nilikuambia hapana. Nilizungushia nukta ya saa nne duara, nikaandika kando yake: sikupima. Msimamizi alipoifikia, aliitazama kwa muda, akaikunja kona. "Anjela," alisema, "usingeandika, ningepita tu." Ndicho kilichoniogopesha.

Mnaijua desturi iliyotoka hapo, na mmeninung'unikia kwa ajili yake miaka yote. Ndiyo maana nilificha karatasi chini ya trei. Ndiyo maana saa za kupima zikifika nilimwita mwenzangu apime kwanza, aandike namba yake kwenye kipande cha boksi la dawa, kisha nipime mimi, ndipo tufunue namba zetu. Kitambo sasa mnasema Mama Anjela hamwamini mtu. Ni kweli, na wa kwanza nisiyemwamini anaitwa Anjela. Kifua kikinibana, simtumi mama kwa ajili hiyo tu, wala sikidharau: naenda kunawa mikono nipime upya. Nikitulia sana, napima upya pia. Utulivu ulinidanganya zaidi kuliko woga. Woga ulinipa mtoto wa darajani, anayecheza mpira.

Nimeandika hivi vyote na bado sijafika kwenye lile ambalo hata wewe, Josefina, hulijui.

Bahati aliporudi kutoka hospitali nilikaa siku tisa bila kwenda kwake. Nilituma uji, nilituma salamu, nilituma dawa za kidonda kupitia kwako. Wakati huo nilikuwa na maelezo tayari kichwani, mazuri sana: mchimbaji, upungufu wa watu, kichwa kilichovimba, barabara. Yote kweli. Siku ya kumi niliichukua karatasi kwenye faili, nikaikunja mara mbili, nikaenda mchana kweupe ili nisiweze kugeuka bila watu kuniona.

Alikuwa ameketi mlangoni, tumbo limefungwa kitenge, anachambua sombe, majani ya mihogo. Mama yake alikuwa shambani. Aliona karatasi mkononi mwangu.

"Mama Anjela! Umenifuata na karatasi mpaka huku? Sina mimba tena."

Alitabasamu aliposema hivyo. Alikuwa bado anajaribu kunirahisishia.

Nilikaa chini, siyo kwenye stuli aliyonisogezea. Nilikuwa nimepanga kuanza na mchimbaji. Nilifungua kinywa, mchimbaji hakutoka. Nikaikunjua karatasi juu ya mkeka, kati ya majani.

"Hii ni siku yako," nikamwambia. "Hizi nukta ni kila mara nilipokupima."

Alifuta vidole kwenye kitenge. Alikuwa hajui kusoma vizuri, lakini aliinama juu yake kama mtu anayeangalia picha ya ndugu. Akaweka kidole kwenye ya kwanza.

"Hii ni miye?"

"Ni wewe. Saa mbili, ulipofika."

"Nilikuwa ningali nacheka."

"Ulikuwa unacheka."

Kidole kikapanda polepole, kikasimama penye duara.

"Na hii?"

"Hiyo si wewe, Bahati," nikasema. "Hiyo ni mimi."

Hakuondoa kidole.